Bwana Shamba na Wamarekani Wake

Akiingia katika bustani ya mtu, hata salamu hazijakwisha, aliinama, akachovya kidole katika udongo uliolowa, akakipeleka ulimini. Akitema, mwenye bustani alijua chumvi imepanda. Akimeza, palikuwa na tumaini. Baba alizoea kusema kwamba mtu huyu ameshakula mashamba yote ya Bidiya na bado hajalima hata moja, na maneno hayo yalizunguka mji mzima kabla ya sala ya Ijumaa. Mwenyewe yalimfika. Akaja nyumbani, akaketi, akanywa kahawa vikombe vitatu, na alipotikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, akamwambia baba kuwa udongo wa bustani yake bado una ladha ya duka.

Sisi tulimwita Bwana Shamba. Lilikuwa jina la bara, la Tabora na Kigoma, ambako wazee wetu waliishi kabla ya kurudi Omani, na ambako afisa wa kilimo haitwi kwa jina jingine. Wenzake wa ofisini walimwita muhandisi, kwa Kiarabu. Jina lake halisi lilibandikwa mlangoni pa ofisi na nadhani lilisomwa na wageni tu. Mimi nilimwita ami, kama nilivyowaita rafiki wote wa baba, na kila nilipokutana naye nilimwamkia shikamoo, isipokuwa kwa miaka minne ambayo nitaieleza.

Naandika nikiwa na kinyongo, na ni haki msomaji alijue hilo mapema. Kinyongo changu ni cha maji. Bustani ya baba yangu ilikuwa na zamu yake katika falaj, ule mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya vilima na kuyagawa kwa kila bustani kwa saa zake. Zamu hiyo haipo tena mikononi mwetu, na Bwana Shamba anahusika. Lakini nikianza na hilo nitamwonea, kwa sababu kabla ya kuninyima kitu alikuwa amenipa kingi.

Alinipa Wamarekani. Serikali ilikuwa imempeleka Marekani akiwa kijana kusomea kilimo, na wenzake walipokwenda mijini wakati wa likizo, yeye alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya watu, kwa chakula na malazi. Alirudi na Wamarekani watatu kichwani. Hakuwahi kuwataja majina, kama ambavyo mtu hamtaji mkwewe. Walikuwa Yule wa Mahindi, Yule Mjane na Yule wa Tende, na aliwasimulia kana kwamba walikuwa wamempigia simu asubuhi hiyo.

Yule wa Mahindi aliishi katikati ya nchi, katika bonde tambarare ambako jirani wa karibu alionekana lakini hakusikika. Aliamka gizani akalisha nguruwe. Hapo Bwana Shamba alituomba radhi, kisha akaendelea. Saa moja asubuhi alikuwa nyuma ya usukani wa basi la wanafunzi, basi la manjano, akizunguka shamba hadi shamba kuwakusanya watoto wa wenzake. Akirudi alipanda trekta. Saa tisa alishuka trekta akapanda basi. Jioni alikuwa ghalani akichomelea vyuma vya mashine za majirani, na majira ya baridi, ardhi ilipolala chini ya theluji, wilaya ilimwajiri kusafisha barabara. Mkewe alifanya kazi ya ukarani hospitalini.

Mama, ambaye hakuwahi kumwachia mtu hadithi bila kuikagua, aliuliza siku moja: "Basi hapo mkulima ni nani?"

"Ndiye huyo huyo, dada yangu."

"Huyo ni dereva mwenye mahindi."

Yule Mjane aliishi kaskazini, kwenye baridi inayopasua ndoo. Alikamua ng'ombe alfajiri na magharibi, akatengeneza jibini, akashona mablanketi ya vipande vya nguo, akawakodisha wawindaji vyumba ambavyo watoto wake walikuwa wamevihama. Mwishoni mwa baridi alitoboa miti, akatundika ndoo, na mti ukatoa maji ambayo ukiyachemsha kutwa yanageuka asali. Hilo la mti hakuna mzee wa Bidiya aliyelikubali. Walimwambia wallahi Marekani imekutoa akili. Baba peke yake alisema yeye analiamini, maana nchi ile hata mti haukai bure, lazima nao ufungue duka.

Na Yule wa Tende ndiye aliyewaudhi. Huyu alilima jangwani, magharibi, kwenye joto kama letu la Julai, na mitende yake ilitokana na machipukizi yaliyochukuliwa zamani kwa meli kutoka nchi za Waarabu. Chini ya mitende alipanda michungwa. Barabarani alijenga kibanda, akasaga tende na maziwa na barafu, akawauzia wasafiri kwa bilauri. Mkewe alikuwa mwalimu. Yeye, mazao yake yakiwa bado mabichi, alikwenda kupandia watu mitende yao kwa ujira na kutengeneza mashine za maji za bonde zima. Wazee waliposikia walishika tama. Tende ni zetu, mtende ni wetu, na anayejua kula nao ni Mmarekani!

Ubishi huo ndio Bwana Shamba aliokuwa akiutafuta. Alikuwa na usemi wake: mkulima mwenye kazi moja ni mfungwa, na mahakama yake ni mvua. Akasema wazee wa hapa wamefungwa na tende. Akawataka wafuge nyuki, wachemshe asali ya tende waitie chupani, wapande limau na mboga chini ya mitende, wawaonyeshe watalii namna mabsali, ile tende mbichi ya manjano, inavyochemshwa katika masufuria makubwa wakati wa kiangazi kabla ya kuanikwa na kusafirishwa. Miaka ile watalii walikuwa wameanza kupita mbele yetu wakielekea Al Mintirib, kulala katika mahema mchangani. Magari yao yalituacha na vumbi. Bwana Shamba hakuweza kuvumilia kuliona vumbi lile. Alikuwa akisimama kando ya barabara na kulitazama kama mtu anayeona maji yakimwagika.

Aliitisha mkutano wa wenye bustani. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na nilikwenda kwa kisingizio cha kumsaidia kugawa karatasi. Alichora ubaoni kibanda, mizinga ya nyuki, birika la kuchemshia mabsali, na mishale mingi ikitoka katika mtende mmoja. Alipomaliza, mzee mmoja alimwambia kwa upole kwamba maneno yake ni mazuri na watayafanya, inshallah.

Hakuna neno lililomkera kuliko hilo linapotumiwa hivyo. Alimgeukia mzee akamwuliza: "Hiyo inshallah ni ya kwenda au ya kutokwenda?"

Watu wakacheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani amewapata. Ndipo baba yangu akaomba kusema. Baba hakuwa mtu wa mikutano. Alisema yeye amesimama nyuma ya meza ya duka Tabora miaka thelathini. Kule watoto walimwita Mwarabu. Alirudi kwao, na siku ya kwanza sokoni akaitwa Mzinjibari, ingawa Unguja aliiona mara moja tu, kutoka melini. Alikaa miaka kumi akijifunza kuvaa kilemba kama wanavyokivaa hapa. "Leo nimekuwa mtu wa Bidiya," akasema. "Nina bustani, nina baraza, naketi na wenzangu. Wewe unataka nikae barabarani niuze maziwa kwa Wazungu, ili waliosema kwamba sisi ni watu wa maduka waseme kweli walisema?"

Bwana Shamba alifuta ubao polepole, kuanzia mishale. Mama alipoelezwa, alisema wanaume wamebishana juu ya kitu kisichokuwepo, maana babu zake yeye walichemsha mabsali, wakapakia ngamia, wakafundisha Kurani na kung'oa watu meno, na hakuna aliyewaita Wamarekani.

Nimekaa na maneno ya baba kwa miaka mingi, na kila mara yananighadhabisha kwa sababu sipati kosa ndani yake. Hakuwa mvivu. Alikuwa amelipa gharama kubwa kuwa mwenye bustani anayeketi, na Bwana Shamba alimtaka asimame tena.

Lakini Bwana Shamba naye hakuwa mtu wa kufuata anayoyasema. Aliogopa kupanda mtende. Msimu wa kuchavusha, wakati chavua ya mtende dume inapopelekwa juu kwa mkono na kufungwa katika maua ya kila jike, alisimama chini na kupiga kelele, kulia kidogo, kushoto, tikisa, huku kibarua wa Kibangladeshi akiwa amejifunga kamba kiunoni juu kabisa, akifanya kinyume cha kila alichoambiwa, na kufanya vyema. Aliwahimiza watu wafanye kazi kwa mikono yao, na mikono yake ilikuwa laini ya karani. Aliwasifu Wamarekani wake kwa kuwa na kazi sita, naye alikuwa na moja, ya serikali, yenye kiyoyozi.

Na alikuwa na bustani kavu. Hiki ndicho kichekesho kilichomfuata kila alikokwenda, na wenyeji walikisimulia hata mbele ya watoto wake. Mwaka aliorudi, kabla hajaripoti kazini, aliona bustani nzuri inauzwa, karibu kabisa na yetu, mitende mikubwa, ukuta mzima, bei nafuu. Akanunua. Siku ya pili alikwenda kwa wakili wa falaj, yule mzee anayesimamia zamu za maji, kuuliza maji yake yanafika saa ngapi. Mzee akafungua daftari, akalifunga. Akamwuliza, mwanangu, ulinunua nini? Akajibu, bustani. Mzee akamwambia, ulinunua ardhi. Maji ya bustani ile aliyauza marehemu aliyekuwa mwenyewe, zamani, peke yake, kwa mtu mwingine.

Katika falaj, ardhi ni mali moja na maji ni mali nyingine. Mtu anaweza kuuza hili akabaki na lile, na kila mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini Bwana Shamba alizaliwa mahali ambapo mvua huwanyeshea wote, na alisomea mahali ambapo kisima hufuata hati. Ni sisi tu, watu tuliotoka kule, tungeweza kununua mitende bila kuuliza maji. Baba alikiri kwamba naye angenunua hivyo hivyo kama asingerithi.

Tangu siku ile alikuwa mnunuzi wa maji ya wiki. Kulikuwa na sehemu za zamu zilizopigwa mnada chini ya ukuta wa msikiti, na kila wiki afisa wa kilimo mwenye shahada ya Marekani alichutama miongoni mwa wazee akishindania nusu saa ya maji. Wiki nyingine alipata, wiki nyingine walimpandishia makusudi, kwa mzaha tu, waone atafika wapi. Mitende yake iliishi kama mgonjwa anayepewa dawa leo na kukosa kesho. Nadhani ndiyo sababu alisema sana juu ya Wamarekani. Mtu asiyekuwa na maji atasimulia mito.

Mimi nilimwamini. Nilisoma jiografia chuo kikuu Maskati, na katika insha yangu ya mwisho niliwaingiza Yule wa Mahindi, Yule Mjane na Yule wa Tende, nikatoa hoja kwamba bustani za Sharqiyah, mkoa wetu, zinaweza kuokoka zikijifunza kazi nyingi. Mwalimu wangu alisifu. Nilimletea Bwana Shamba nakala. Aliisoma barazani kwetu, akirudi nyuma mara kwa mara kama anayepima kitambaa, kisha akasema nimeandika vizuri kuliko alivyosema. Nilipata kazi ya kufundisha katika mji wa Ibra, nikawa nakwenda na kurudi kila siku, na barabarani niliipanga bustani ya baba kichwani: kibanda pale, mizinga kule, mkeka chini ya mitende kwa watalii. Baba alinisikiliza na kutabasamu. Akasema, nikifa mfanye.

Alikufa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika wiki ya mavuno, na kazi ikabaki kwetu watatu na mama. Kaka zangu wawili wana mishahara yao Maskati. Walikuja baada ya matanga kwisha, wakasema kwa heshima kubwa kwamba bustani inakula kuliko inavyolisha, kibarua anataka kuondoka, na kuna mtu yuko tayari kuyanunua maji. Maji peke yake. Ardhi ingebaki, kwa kumbukumbu. Niliwauliza kumbukumbu gani inayoishi bila maji. Kaka mkubwa akaniambia niache ushairi, nieleze nani atakayekaa pale.

Sehemu yangu ya mtoto wa kike na ya mama zikijumlishwa hazikufika yao. Nilichokuwa nacho ni Bwana Shamba. Kaka zangu walimheshimu. Walimwita ami kama mimi, na walijua baba alimpenda. Nilikwenda ofisini kwake nikamwomba aje kikaoni, aseme tu yale aliyokuwa akiyasema miaka yote. Akasema atakuja.

Alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akaketi mahali ambapo baba alikuwa akiketi. Kaka yangu alimweleza jambo, nami nikaongeza la kwangu, kibanda, nyuki, watalii, hata nikawataja wale watatu, huku nikimtazama anisaidie. Yeye alitazama mkeka. Alipoulizwa maoni yake alisema bustani haitaki mwenye kuipenda, inataka mwenye kuikanyaga. Akasema haoni miongoni mwetu aliye tayari kuikanyaga kila siku. Kwa hiyo, akasema, maji yaende kwa atakayeyatumia.

Sikuamini masikio yangu. Nilimwambia, "Ami, si wewe uliyetufundisha?"

"Nilifundisha," akasema. "Uliza nani alifanya."

Kikao kikaisha. Maji yakauzwa. Mwezi wa pili baada ya mauzo, alfajiri moja nikienda kazini, nilipita kando ya bustani kavu iliyo jirani na yetu, nikasikia maji yakiingia ndani yake, mengi, bila haraka, kama yanavyoingia katika bustani yenye haki. Nikasimama. Wakili wa falaj alikuwa akipita, nikamwuliza leo Bwana Shamba amekodi ya nani. Mzee aliniona ninavyouliza, akainamisha kichwa. Akasema hakukodi, mwanangu, ni yake. Ndipo nilipojua kwamba mke wake aliuza dhahabu yake yote, na kwamba mnunuzi tuliyeambiwa kuwa ni mtu tu, alikuwa ameketi mahali pa baba yangu akatushauri tuuze.

Nikamnyima shikamoo. Kwetu hilo si jambo dogo. Nilipokutana naye dukani au kwenye harusi niligeuza uso, nami ni mwalimu, na watu wakaona. Mama hakuniunga mkono. Yeye aliendelea kumpelekea mkate wa mofa kila Ramadhani, na akaniambia kwamba mimi ninamkasirikia aliyekunywa wakati waliomwaga nawapikia biriani kila Idi. Hasira yangu ikazidi.

Bustani yetu ilikufa kwa miaka mitatu. Mtende haufi kwa ghafla. Kwanza makole yanakuwa madogo, tende ngozi tupu. Kisha makuti ya chini yanalala juu ya shina kama nywele ambazo hakuna anayezichana. Mwisho kichwa kinainama upande mmoja na siku ya upepo kinadondoka. Na kila Jumatatu alfajiri maji yalipita kando ya ukuta wetu, katika mfereji ule ule, kwenda kwa jirani.

Kwa jirani, yeye alikuwa amestaafu mapema na kujenga kibanda barabarani. Nilikiona kila siku nikienda Ibra. Asali ya nyuki, asali ya tende chupani, limau, vikapu vya makuti alivyosuka mkewe. Kiangazi alichemsha mabsali, na magari ya kwenda Al Mintirib yalisimama, Wazungu wakipiga picha moshi. Kila kitu nilichokiandika katika insha yangu kilikuwepo, isipokuwa mimi. Asubuhi aliendesha basi la wanafunzi, na mara nyingine basi lake na gari langu yalipishana kwenye mzunguko, naye akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Nilitazama mbele.

Nilikwenda kwake mwishowe kwa sababu ya mitende saba. Katika mitende yetu yote, saba ilikuwa bado hai, ya aina ya khalasi, iliyo upande wa ukuta wake, nadhani kwa unyevu uliovuja kutoka kwake. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri. Nilimkuta peke yake mfereji ulipogawanyika, viatu vya mpira, kanzu ameikunja kiunoni, jembe mkononi. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama mikono ya wale aliokuwa akiwasimulia.

Nikasema shikamoo. Ilitoka nzito, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

"Marahaba, binti yangu," akasema, bila kuuliza imekuwaje leo. Akasogea nipate pa kusimama pakavu.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Nilimwuliza jambo moja tu, kwa nini hakutuambia kwamba mnunuzi ni yeye. Alichoma jembe katika tope akaliegemea. Akasema aliona haya. Akasema alikuwa amechutama katika mnada ule miaka kumi na tatu, na aliposikia kwamba maji ya rafiki yake yanauzwa, hakufikiri kama rafiki, alifikiri kama mwenye kiu. Aliyoyasema kikaoni aliyaamini, lakini hakuwa mtu wa kuyasema siku ile, na alilijua hilo wakati akiyasema.

Kisha akaniambia habari ambayo hakuwahi kuisema barazani. Yule wa Mahindi alikuwa amemwandikia barua, mwaka wa pili baada ya yeye kurudi. Shamba lake lilipigwa mnada, trekta, ghala, kila kitu, na mwenyewe akabaki na basi. Yule Mjane alikodisha vyumba kwa sababu maziwa hayakulipa umeme. "Sikuwaambieni uongo," akasema. "Niliwaambieni nusu. Mlidhani wale wana kazi sita kwa sababu ni hodari. Walikuwa na kazi sita ili wapate ya saba, ndiyo shamba. Basi linalisha nyuki, nyuki wanalisha mitende. Mimi sasa silali mchana. Mke wangu hana bangili. Tende hazijatulisha hata msimu mmoja."

"Na bado upo," nikasema.

"Nipo."

Nikamweleza haja yangu. Nusu saa tu ya zamu ya Jumatatu, ile tunayoiita athar, kwa ajili ya mitende saba. Nitakodi kwa bei yoyote. Nitatafuta kibarua wa kufungua na kufunga, yeye asisumbuke.

Alitazama juu ya ukuta, vichwa vile saba.

"Kukodi, hapana," akasema. "Maji ya baba yako sikukodishi. Chukua nusu saa, kila Jumatatu, bure, hata nikifa, maana nitaandika. Lakini kibarua hapana. Uje wewe. Alfajiri, na jembe lako, ufungue mwenyewe, ufuate maji mpaka shina la mwisho, ufunge mwenyewe."

Maji yalikuwa yamefika. Yalisimama mbele ya njia mbili, ya kwake iliyo wazi na ya kwetu iliyozibwa kwa jiwe na gunia kuukuu, yakajikusanya na kupanda. Alisubiri. Sikumbuki kwamba nilifikiri chochote. Nakumbuka tu kwamba nilihesabu Jumatatu za shule, mwendo wa kutoka pale hadi Ibra, kuoga, kubadili nguo, kengele.

"Ami," nikasema, "Jumatatu nina kipindi cha kwanza."

Hakunicheka, na hakunilaumu. Aliinama akakandamiza gunia kwa kisigino, akaliongezea tope kwa jembe mpaka upande wetu haukuvuja hata tone, kisha akayafuata maji kwake.